Nani Alikufundisha Kusoma?

Ndugu wasomaji, leo nataka kuwauliza swali moja dogo, nami naomba kila mtu ajijibu mwenyewe moyoni kabla ya kuendelea. Ni nani aliyekufundisha kusoma? Siulizi ni nani aliyekuwa mkuu wa shule yako ya sekondari, wala ni nani aliyekupa cheti mbele ya wazazi siku ya sherehe. Nauliza juu ya yule mtu aliyekuonyesha herufi ya kwanza kabisa, akaushika mkono wako uliokuwa ukitetemeka, akauongoza mpaka ukaandika jina lako. Je, jina lake walijua? Yu hai? Na kama yu hai, mara ya mwisho ulimwona lini?

Nimewauliza watu wengi swali hili katika safari zangu kati ya Embu na Meru, ndani ya magari ya abiria, harusini, na vikaoni chini ya miti. Wengi hucheka kwanza, kisha hunyamaza. Majina ya walimu wa sekondari huyataja upesi, na ya walimu wa chuo upesi zaidi. Lakini wafikapo Darasa la Kwanza, mtu hukuna kichwa na kusema, "Alikuwa bwana mmoja hivi, mrefu, sisi tulimwita Mwalimu tu." Basi huyo "Mwalimu tu" ndiye nitakayemzungumzia juma hili.

Elimu ya shule katika nchi yetu hii, upande wa mashariki na kusini ya Mlima Kenya, haikuanza kwa majumba makubwa. Wamisionari wa C.M.S. walifika Kabare, ambayo wakati ule ilikuwa katika Wilaya ya Embu, mwaka 1910, na baadaye wakawa na kituo cha Kigari, ambako chuo cha walimu kilijengwa. Wamethodisti walifanya makao yao Kaaga, karibu na mji wa Meru. Mapadre wa Consolata nao walifungua vituo vyao. Daktari Archibald Irvine wa Misheni ya Kanisa la Scotland alifika Chogoria mwaka 1922, na pamoja na hospitali zikaja shule.

Majina hayo yameandikwa vitabuni, na yastahili kuandikwa. Walakini wageni hao walikuwa wachache, na mabonde ya mlima wetu ni mengi. Aliyewafundisha watoto kule mabondeni alikuwa kijana wa kwetu, aliyesoma miaka michache tu, akapewa kibao, chaki na kitabu kimoja, akaambiwa aende akakusanye watoto. Alichokijua leo ndicho alichokifundisha kesho. Nyumba ya shule ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi, na kengele ilikuwa kipande cha chuma kilichotundikwa mtini. Huyo ndiye aliyewaelekeza wazazi wetu na sisi, na vitabu havimtaji.

Mimi niliingia shule ya msingi mwaka 1953, katika kijiji kimoja cha Embu, si mbali na Mto Thuci. Wakati ule mto huo ulikuwa mpaka wa wilaya mbili: upande huu Embu, upande wa pili Chuka, iliyokuwa chini ya Meru. Mwalimu wetu alitoka ng'ambo. Alikuwa Mchuka, kijana asiyezidi miaka ishirini na mitano, naye hakuwa na cheti kikubwa. Katika ngazi za walimu za siku zile, yeye alikuwa chini kabisa, na mshahara wake ulikuwa wa chini vilevile. Kaptura yake ilikuwa moja, akiifua Jumamosi na kuivaa tena Jumatatu ikiwa imenyooshwa kama mpya.

Yafaa niwakumbushe vijana hali ya nchi ilivyokuwa. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa mwezi wa Oktoba 1952, na shule za kujitegemea, zilizojengwa na Waafrika wenyewe, zilikuwa zimefungwa. Tangu mwaka 1954 watu wengi wa kwetu walihamishwa kutoka mashambani mwao na kuwekwa katika vijiji vilivyozungukwa na handaki. Kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kusafiri atakavyo bila pasi. Hivyo mwalimu wetu, ambaye kwao aliweza kupaona kwa macho akisimama juu ya kilima, alikaa miezi mingi bila kuvuka mto. Mwalimu katika siku zile alikuwa baina ya moto na moto. Wa msituni walimshuku kwamba ni mtu wa Serikali, na wa Serikali walimshuku kwamba anawajua wa msituni. Hata hivyo kila asubuhi kengele ilipigwa.

Vitabu vyetu vilikuwa vya Kikuyu, kwa sababu vya Kiembu havikuwapo. Mwalimu wetu, aliyesema Kichuka nyumbani, alitusomea Kikuyu kitabuni, akatufafanulia kwa Kiembu alichojifunza kwetu. Nakumbuka siku moja mtoto mmoja alisoma neno, kisha akasema, "Mwalimu, mama hasemi hivi." Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka wala hakukasirika. Alichukua chaki, akaandika ubaoni maneno matatu yenye maana moja: la kitabu, la kwetu, na la kwao ng'ambo ya mto. Akasema, "Mama yako hakukosa, wala kitabu hakikukosa. Jueni yote." Nimesoma mambo mengi juu ya lugha tangu siku ile, na kila niyasomapo naukumbuka ubao ule wenye maneno matatu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike. Kufuatana na taarifa ya kamati ya Beecher ya mwaka 1949, masomo ya Waafrika yaligawanywa katika miaka minne ya msingi, miaka minne ya shule ya kati, na miaka minne ya sekondari. Kila mwisho wa minne palikuwa na mlango, na mlango ulikuwa mwembamba. Mtoto wa Darasa la Nne, mwenye umri wa miaka kumi au kumi na miwili, alifanya mtihani, na wengi safari yao iliishia hapo. Mtoto aliyeshindwa alirudi kuchunga mbuzi, na hapakuwa na mtu wa kumlaumu, kwa kuwa ndivyo mpango ulivyokuwa.

Mwaka 1956 ulipofika mtihani huo, mimi nilikuwa nimelala nyumbani kwa surua. Nilisikia kengele nikiwa kitandani. Nilipopona, wenzangu walikuwa wamekwisha gawanyika: wachache wa kuendelea, na wengi wa kubaki. Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miti yake ya kahawa, kwa maana Embu na Meru zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Kenya ambako Mwafrika aliruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, na kahawa ile ndiyo iliyonilipia ada. Lakini watoto walikuwa wengi, na yeye aliona imetosha.

Mwalimu alikuja kwetu jioni moja, mapema, ili awahi kurudi kabla ya saa ya amri. Akaketi kwenye kigoda, akapewa uji, akaunywa polepole. Baba akamwambia, "Mwalimu, nakushukuru. Huyu amekwisha jua kusoma barua na kuhesabu ratili za kahawa. Yanatosha."

Mwalimu akajibu kwa heshima, "Ni kweli, Mzee. Anaweza kuisoma barua uliyoandikiwa. Lakini siku utakapotaka kuijibu, nani atakuandikia?"

Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha Mwalimu akanigeukia mimi, akasema, "Mwanangu, wewe waujua Thuci. Ukijaa, mtu mwenye akili hukaa ukingoni akangoja maji yapungue. Harudi nyumbani akasema safari imekwisha."

Alikwenda kwa msimamizi wa shule mara tatu kuniombea nafasi ya kurudia Darasa la Nne. Mara ya kwanza alikataliwa, na mara ya pili hakumkuta. Mara ya tatu nafasi ilipatikana. Kila safari ilimpasa aombe pasi, na kila safari alikwenda kwa miguu. Mimi nilikuwa mtoto, nikaona ni jambo la kawaida tu, kwamba ndivyo walimu wafanyavyo. Nilirudia mwaka 1957, nikafanya mtihani, nikapita. Mwaka 1961 nikafanya mtihani wa K.A.P.E., na mlango wa pili ukafunguka. Yote niliyoyapata baadaye, kazi, nyumba, na hata kuweza kuandika maneno haya, yalipita katika nafasi ile moja aliyoifuata mara tatu.

Katika mwaka ule niliorudia, mwezi wa Machi 1957, Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa vinane, na kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru hakupiga kura ila mwenye hati ya utiifu. Katika Mkoa wa Kati, Bwana Bernard Mate wa Meru alimshinda Bwana Eliud Mathu, ambaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuteuliwa kuingia Baraza hilo mwaka 1944. Mwalimu wetu alituandikia majina yote mawili ubaoni, akasema, "Hawa wote wawili walikuwa walimu." Mwaka uliofuata, 1958, viti vilipoongezwa, Bwana Jeremiah Nyagah wa Embu akachaguliwa, naye pia alikuwa amefundisha shule. Baadaye alikuwa Waziri katika serikali ya Mzee Kenyatta na ya Rais Moi, akastaafu siasa mwaka 1992, na kufariki dunia mwaka 2008.

Haikuwa ajabu kwamba wajumbe wetu walitoka darasani. Mwalimu ndiye aliyejua kuisoma sheria na kumweleza mzee asiyejua kusoma. Ndiye aliyeaminiwa na wazazi, kwa kuwa walimkabidhi watoto. Huko Tanganyika pia, kiongozi wa TANU, Julius Nyerere, alikuwa mwalimu wa shule ya Pugu mpaka alipojiuzulu mwaka 1955, na watu wake hawakuacha kumwita Mwalimu hata alipokuwa Rais. Lakini tuangalie jambo moja. Twawakumbuka mabwana hawa kwa sababu ya walichokifanya baada ya kutoka darasani. Je, wale waliobaki humo? Na yule aliyewashika mkono hao hao wakubwa wakaandika herufi ya kwanza, nani amtajaye?

Yuko mmoja aliyekwenda kinyume cha desturi hiyo, nami napenda kumtaja. Bwana Carey Francis, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa hesabu huko Cambridge, aliongoza shule ya Alliance, Kikuyu, tangu mwaka 1940 hata 1962, na vijana wengi waliokuja kuiongoza Kenya walipita mikononi mwake. Alipostaafu hakwenda kupumzika. Alikwenda kufundisha katika shule ya sekondari ya Pumwani, Nairobi, mahali pa watu wa kawaida, akafundisha mpaka alipofariki mwaka 1966. Alikuwa mkali, na si wote waliompenda, lakini hakuona kwamba kufundisha ni ngazi ya kupandia tu.

Sasa lazima nikiri kosa langu. Miaka mingi baada ya shule, nilikuwa nimeajiriwa mjini, nimevaa suti, nasafiri katika gari la ofisi kwenda Meru. Tulisimama sokoni Chuka kununua ndizi. Mzee mmoja mwenye kofia ya zamani alinitazama, akaja karibu, akaniita kwa jina nililoitwa utotoni. Nikamtambua papo hapo. Alikuwa na gunia la viazi begani, nami nilikuwa na wakubwa wangu garini. Nilimshika mkono, nikamsalimu kwa haraka, nikamwambia, "Mwalimu, nitakuja kukuona Pasaka." Akafurahi. Akasema, "Njoo, nyumba ni ile ile, juu ya mto." Dereva akapiga honi, nikaondoka.

Pasaka ikaja ikapita, na nyingine ikapita. Sikukataa kwenda, nilikuwa nikisema kila mara kwamba nitakwenda. Ndugu wasomaji, naamini wengi wenu mnalijua neno hilo "nitakwenda". Ni neno la adabu, lakini limewazika wazee wengi bila shukrani. Nilipofika nyumba ile juu ya mto, nilifika kwa mazishi.

Baada ya kaburi kufunikwa, mwanawe mkubwa alinijia. Alikuwa mtu mzima, mkulima, mwenye mikono migumu kama ya baba yake. Akaniambia, "Mzee, nimesikia ulisoma kwa baba. Nataka kukuuliza. Alikuwa mwalimu wa namna gani?"

Swali hili lilinishangaza. Nikamuuliza, je, hakuwahi kuwasimulia? Akajibu kwamba baba yao hakuzungumza habari za shule. Walimu wenye vyeti walipoongezeka baada ya Uhuru, yeye aliacha kazi, akarudi shambani kwao, na watoto wake walimjua kwa kahawa na ng'ombe tu. Picha yake akiwa darasani hawakuwa nayo hata moja. Walikuwa wamemzika mkulima. Mwalimu hawakumjua; alikuwa amekaa katika vichwa vyetu sisi wanafunzi wake, nasi tulikuwa tumetawanyika Nairobi, Nakuru na Mombasa, kila mmoja na Pasaka yake.

Tuliketi chini ya mwembe mpaka jua likashuka. Nikawaeleza habari za kaptura moja, za maneno matatu ubaoni, za safari tatu kwa msimamizi, na za mto uliojaa. Binti yake mmoja akaanza kuandika nyuma ya karatasi ya ibada ya mazishi. Kila niliposema jambo walitazamana, kama watu wanaorudishiwa mali yao iliyokuwa imewekwa kwa mtu mwingine. Na kwa kweli ilikuwa mali yao. Mimi nilikuwa nimeishika miaka hamsini bila kuirudisha.

Msidhani nasema kwamba walimu wote wa zamani walikuwa malaika. Katika shule nyingine niliyosoma baadaye, palikuwa na mwalimu aliyempiga fimbo mwenzangu kila siku kwa sababu aliandika kwa mkono wa kushoto. Mvulana yule alikuwa akituzidi sisi sote katika hesabu. Kabla mwaka haujaisha aliacha shule, wala hakurudi. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, nami sikusikitika hata kidogo. Nalisema hili kwa sababu linathibitisha neno langu: mkono wa mwalimu wa watoto wadogo una nguvu kuliko tudhanivyo. Mkono mmoja ulinirudisha darasani, na mwingine ulimtoa mwenzangu. Yatupasa kukumbuka yote mawili kwa ukweli, maana sifa za uongo hazimheshimu yule aliyefanya vema.

Ni kweli pia kwamba hali ya walimu imebadilika. Chama cha walimu, KNUT, kilianzishwa mwaka 1957, na moja ya madai yake makubwa lilikuwa kwamba walimu wote wawe na mwajiri mmoja, badala ya huyu kuajiriwa na misheni na yule na halmashauri, kila mmoja kwa masharti yake. Tume ya kuwaajiri walimu, TSC, iliundwa mwaka 1967. Tangu mwaka 1994 dunia nzima ina Siku ya Walimu, tarehe 5 Oktoba. Hayo ni mema. Lakini mwalimu wa kaptura moja hakupata faida ya mengi ya hayo, na Siku ya Walimu haiwezi kumtaja mtu ambaye sisi wenyewe hatumtaji.

Basi yafaa tufanye nini? Sina mashauri makubwa. Wale waliofundisha katika miaka ya 1950, kama wangali hai, wana umri wa miaka tisini au kukaribia. Baadhi yao wako Runyenjes, Igoji, Nkubu, Tigania na Mbeere, wameketi nje ya nyumba zao wakiota jua. Kama wako yu hai, nenda. Usingoje Pasaka. Usiende na hotuba. Nenda na sukari, na kitu kimoja unachokikumbuka, umwambie mbele ya watoto na wajukuu wake, ili nao wasikie. Akiwa amekufa, watafute watoto wake uwape habari zao. Na kama wewe mwenyewe ni mwalimu wa Darasa la Kwanza leo, ukiwa na watoto wengi na mshahara usiotosha, jua kwamba mmoja wa hao wanaokusumbua atakukumbuka miaka sabini ijayo, kwa wema au kwa ubaya, nawe ndiwe utakayechagua.

Mimi nimechukua daftari, nimeandika jina la mwalimu wangu, la shule, na mwaka. Chini yake nimeandika majina ya walimu wengine wanne. Wawili katika hao bado wanaishi, mmoja upande wa Embu na mmoja upande wa Meru. Jumamosi hii nakwenda kwa wa kwanza. Nimekwisha kununua sukari.